Gazi kwa Mwendo wa Baiskeli



Msafiri atokaye Likoni kuelekea Lunga Lunga huupita mji wa Gazi bila kuuona. Gari huenda mbio, utingo huita "Gazi! Gazi!", abiria mmoja au wawili hushuka penye njia ya vumbi, na safari huendelea kwenda Msambweni. Kinachobaki machoni mwa mpitaji ni minazi na kibao cha barabarani. Mji wenyewe uko chini, upande wa bahari. Nyuma ya mji iko mikoko, na nyuma ya mikoko iko ghuba. Mambo matatu haya hayaonekani kwa mwenye haraka.

Katika miji mikongwe ya Ulaya, kama Amsterdam na Copenhagen, mgeni hukodi baiskeli akatanguliwa na mwenyeji anayeujua mji, akapitishwa vichochoroni na kusimamishwa penye kila jengo lenye hadithi. Vichochoro vile vilijengwa kabla ya gari kuzuliwa, na baiskeli hupenya pale gari lisipoweza kugeuka. Tena mpanda baiskeli husikia, hunusa, na akiamkiwa huweza kuitikia. Desturi hiyo imefika pwani yetu ya kusini, na wageni wa mahoteli ya Diani huonekana wakipita vijijini, kofia ngumu vichwani, kijana wetu akiwaongoza mbele. Lakini katika misafara hiyo sisi wenyeji huwa watu wa kutazamwa. Ni nadra kuona familia ya Kiislamu ya Mombasa au ya Ukunda imetoka na watoto wake kwenda kuutazama mji wake wenyewe, na hali Qur'ani imetuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia.

Katika likizo iliyopita dada yangu alivuka kivuko cha Likoni pamoja na wanawe wawili, binti wa miaka 17 na mvulana wa miaka 12, nasi tukakubaliana tuende Gazi kama waendavyo wageni: kwa baiskeli, na kwa kuongozwa. Mwongozaji wetu alikuwa kijana niliyemfundisha alifu na bee chuoni Gazi, enzi akiandika kwenye ubao wake kwa kijiti. Leo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, nami mwanafunzi wake, katika mji ninaoishi. Aliniita "Maalim" kama zamani, lakini njia aliiongoza yeye.

Baadhi ya akina mama huniuliza: je, binti wa Kiislamu apande baiskeli? Jawabu langu ni kwamba chombo cha kupanda hakina hatia. Kinachotazamwa ni stara, usalama na mwenendo. Hadithi mashuhuri imewasifu wanawake wa Kikureshi waliopanda ngamia, ikataja huruma yao kwa watoto na uangalifu wao wa mali ya waume zao. Mpwa wangu alivaa suruali pana na juu yake kanzu ndefu isiyofika kwenye mnyororo, na mtandio wake aliufunga vizuri usipeperuke. Mama yake alichagua baiskeli yenye fremu iliyoinama, na baibui alilikunja na kulibana kwa pini. Hayo ni mambo ya busara kuliko ya fatwa, kwani nguo iliyonaswa na mnyororo humwangusha mcha Mungu kama imwangushavyo mwingine yeyote.

Tulianzia msikiti wa Kongo, kaskazini mwa Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Ni msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye umri wa karne kadhaa, umezungukwa na mibuyu minene, na mpaka leo husaliwa. Kijana wetu hakuanza kwa kusimulia. Alimwuliza yule mvulana, "Kuta hizi zina unene gani? Pima kwa mkono." Mvulana akapima. "Sasa niambie, kwa nini walijenga hivi, na nje kuna joto namna hii?" Akamwacha aingie ndani, auone ubaridi mwenyewe, atoke na jawabu lake. Nilifurahi kimoyomoyo, maana ualimu ndio huo.

Kutoka hapo tuliifuata barabara ya Diani kuelekea kusini, tukiwa na mahoteli upande wa bahari na maduka upande wa bara. Sehemu hiyo sina mengi ya kuisema, ila kwamba magari ni mengi na mwenye watoto awaweke ndani ya mstari, mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma. Lami ikaisha, tukaingia njia ya mchanga inayoelekea Kinondo, na hapo ndipo safari ilipoanza kuwa safari. Tulipishana na akina mama waliobeba kuni, watoto wakatukimbilia wakiita, mzee mmoja akainua bakora yake kutuamkia.

Kinondo tulisimama nje ya msitu wa Kaya. Ni mmoja katika misitu ya Kaya za Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Sisi tuna itikadi yetu, na ya wazee wa Kaya si yetu. Hata hivyo hakuna dhambi katika kuzingatia. Kijana alitueleza kwamba kwa amri ya wazee, aingiaye humo hatoki na chochote, hata kijiti kikavu. Ardhi iliyo jirani imekwatwa, imeuzwa na kujengwa. Msitu huu umesimama. Umesimama kwa sababu wapo watu waliosema "hapana" kizazi baada ya kizazi. Neno hilo nililiweka moyoni, na nilipofika mwisho wa safari nililihitaji.

Tuliingia Gazi kabla ya adhuhuri. Baiskeli tulizikokota kwa mikono, maana kijana alisema si adabu kupita barazani pa watu umekalia chombo. Tulisimama chini ya mwembe, naye akaanza kisa cha mji.

Ukoo wa Mazrui, alisema, uliitawala Mombasa kwa takriban miaka 100. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, aliuondoa utawala wao; wakuu wao walikamatwa na kusafirishwa ng'ambo, na waliosalia wakagawanyika. Wengine walishika njia ya kaskazini wakakaa Takaungu, wengine wakashika ya kusini wakaja Gazi. Hapa ndipo alipotawala Sheikh Mbaruk bin Rashid, mwana wa mtawala wa mwisho wa Mombasa katika ukoo huo. Mtu huyu hakuwahi kukubali kwamba Mombasa imekwenda. Aliasi dhidi ya masultani wa Unguja mara kadhaa. Kila aliposhindwa alirudi bara, na kila aliporudi bara alijikusanya upya. Ngome yake ya ndani ilikuwa Mwele, upande wa milima ya Shimba.

Mwaka 1895 ulizuka mzozo wa urithi Takaungu, Waingereza wakamweka mtu waliyemtaka wao. Huo ulikuwa mwaka ambao pwani yote iliingizwa chini ya himaya ya Uingereza. Mzozo ukawa vita, na Mbaruk wa Gazi akaingia vitani. Mwezi wa Agosti mwaka huo majeshi ya wanamaji ya Uingereza, yakiongozwa na Admirali Rawson, yaliishambulia Mwele na kuibomoa. Vita havikuisha hapo. Vijiji vilichomwa, wanajeshi wakaletwa kutoka Bara Hindi, na mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake wengi, akajisalimisha kwa Wajerumani. Hakurudi tena kutawala Gazi. Alifia Dar es Salaam.

Mvulana macho yalimtoka. "Kumbe hapa petu palipiganwa na Waingereza!" Kwake Mbaruk alikuwa shujaa tayari. Ndipo dada yake, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Na mashamba haya ya zamani, nani aliyeyalima?"

Kijana alinitazama. Nikamwashiria aendelee. Akasema, kwa sauti ile ile aliyosimulia vita, kwamba mashamba ya pwani hii, ya Gazi na ya miji mingine, yalilimwa na watumwa. Watu walitekwa bara wakaletwa pwani, wengine wakauzwa ng'ambo, wengine wakabaki hapa hapa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash, lakini hapa pwani ya Kenya sheria iliendelea kuutambua utumwa mpaka mwaka 1907. Kwa hivyo Mbaruk aliyewapinga wageni ndiye huyo huyo aliyekuwa bwana wa watumwa. "Sikuambieni nusu," akasema. "Mtu ni mmoja."

Barazani alikuwapo mzee mmoja akisikiliza. Akakohoa, akasema, "Wewe kijana, mambo hayo ya nini mbele ya watoto? Wajukuu wa waliofunga na wajukuu wa waliofungwa wote wamo mjini humu. Wameoana, wamezikana. Ukifukua kaburi hupati ila mifupa."

Ndugu wasomaji, maneno ya mzee yule hayakuwa ya kupuuzwa. Nimeishi mji huu, nami najua jinsi neno moja la nasaba linavyoweza kuvunja posa iliyokwisha kukubaliwa. Wako akina mama wanaolisoma gazeti hili ambao binti zao wamekataliwa, au wana wao wamekataa, kwa sababu ya babu wa babu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona. Mzee alikuwa akilinda amani. Kuisitiri aibu ya Muislamu ni katika dini yetu.

Lakini mpwa wangu alimjibu kwa heshima, "Babu, mimi sikuuliza wajukuu ni nani. Niliuliza nani aliyelima."

Kila nikilifikiri neno hilo huona kwamba limetenganisha mambo mawili tuyachanganyayo. Kutaja nasaba za watu kwa kuwatweza ni haramu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ameikemea tabia hiyo akaihesabu katika mabaki ya ujahili. Kuitaja dhuluma kwa jina lake ni jambo jingine, nalo ni ushahidi. Qur'ani imetuamrisha kusimama na haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu. Tukiwafundisha watoto kwamba Mbaruk alipigana tu, tumewapa nusu ya babu yao. Tukiwafundisha utumwa tu, kama baadhi ya vitabu vilivyoandikwa na waliokuja kututawala, tumewapa nusu nyingine, na aliyeandika akaondoka akiwa mwema. Mtoto aliyepewa nusu hukua akitafuta nusu iliyobaki, na mara nyingi huipata kwa mtu asiyemtakia heri.

Tena kuna faida ya pili. Mji ambao wajukuu wa pande mbili husimama safu moja msikitini, bega kwa bega, una cha kujivunia kikubwa kuliko ngome. Lakini atajuaje mtoto ukubwa wa jambo hilo, ikiwa hajui walitoka wapi?

Mzee alinyamaza, akachora kitu mchangani kwa ncha ya bakora. Kisha akasema, "Semeni basi. Lakini msiseme mkicheka." Sijui kama aliridhika. Kijana alimshika mkono akaubusu, na hiyo ikawa sharti la masimulizi yote yaliyofuata.

Baada ya sala ya adhuhuri tuliziacha baiskeli kivulini tukashuka kwenye mikoko. Hapo kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, yenye urefu wa mita 300 hivi, ipitayo katikati ya miti. Ni mali ya kikundi cha wanawake wa Gazi; wao ndio waitunzao, wapokeao wageni, na wapikao wali wa nazi na samaki kwa mwenye kuagiza. Kiingilio husaidia karo za watoto na mahitaji ya nyumba zao. Mama mmoja wa kikundi alitutangulia, leso kiunoni, na kijana wetu akarudi nyuma akawa msikilizaji.

"Nyinyi mnasema mikoko kama kwamba ni mti mmoja," alisema. Ghuba ya Gazi ina msitu wa zaidi ya hekta 600, na ndani yake zimo aina 9 za miti hiyo. Akawaonyesha mkoko wenyewe, uliosimama kwa mizizi kama vidole, mche wake ukichipua ungali umening'inia kwa mama yake, mpaka udondoke matopeni na kujichomeka. Akawaonyesha mchu, ambao mizizi yake hutokeza juu ya tope kama penseli ili upumue. Na mlilana, upendao kusimama mbele karibu na bahari, ambao mbao zake hufanyiwa mataruma ya vyombo. Mkandaa gome lake hutoa rangi ya kupakia ngozi na kamba. Muia, mkomafi, kikandaa, msikundazi, kila mmoja akautaja kwa jina na kazi yake, kama mtu atajaye watoto wa jirani. Fito, pau, boriti na nguzo za nyumba zetu za zamani zilitoka katika misitu ya namna hii.

Kisha akatuonyesha mahali penye miti ya kimo kimoja, iliyopangika safu safu. "Hii ilipandwa kwa mikono," akasema. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na sehemu kubwa ikabaki tope tupu. Samaki wadogo hujificha katika mizizi hiyo. Mizizi ilipoondoka, wavuvi waliona tofauti. Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, KMFRI, yenye kituo chake hapo Gazi, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 ukaanzishwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaohifadhi hekta 117.

Mradi huu hufanya kazi hivi. Mikoko huvuta hewa ukaa, ile iliyozidi angani na kuleta joto duniani, ikaifungia katika shina, mizizi na zaidi katika tope lililo chini yake. Kiasi kinachofungiwa hupimwa, na walio nchi za mbali wanaotaka kufidia moshi wao hulipa. Miti haikatwi wala haisafirishwi. Kinachouzwa ni kule kusimama kwake. Fedha hizo hukaa chini ya kamati ya wanakijiji, nao wakaamua: maji safi, vitabu na ukarabati wa shule, mahitaji ya zahanati. Ili watu wasikose kuni, ilipandwa mivinje ya kukatwa badala ya mikoko. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa, na jirani zetu wa Vanga nao wameanzisha wa kwao.

Dada yangu alimwuliza yule mama, "Wageni wanaokuja hapa ni akina nani?"

"Wazungu, wanafunzi wa vyuo vikuu, watu wa Nairobi," akajibu. "Nyinyi wa Mombasa mko karibu, nanyi hatukuoneni. Mtoto wa kwetu anakuja kuuona mkoko siku atakapokuwa anauandika kwenye mtihani." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu atajaye bei.

Nikalikumbuka lile neno la Kinondo. Msitu ule umesimama kwa sababu wapo waliosema "hapana", na huu umesimama tena kwa sababu wapo wanawake waliosimama matopeni wakachomeka mche baada ya mche. Historia nayo ni hivyo hivyo: pasipo wenye kuitunza hukatwa, na aliye karibu huwa wa mwisho kugundua. Mji usiojulikana na watoto wake ni rahisi kuuzwa kipande kipande. Hawatausikitikia, kwa kuwa hawakuwahi kujua kulikuwa na nini.

Kwa familia itakayopenda kufanya ziara hii, natoa nasaha chache. Njia ya Kongo hadi Gazi inazidi kilomita 20. Wenye watoto wadogo waanzie Kinondo, au wafike Gazi kwa matatu na kutembea kwa miguu, kwani mji si mkubwa. Chagueni miezi ya kiangazi. Wakati wa masika njia za mchanga huwa madimbwi. Toeni baada ya alfajiri na chukueni maji ya kutosha. Kabla ya kulipia baiskeli jaribuni breki zote mbili, na kila mtoto avae kofia ngumu. Ulizeni saa za maji: yakijaa mtaona bahari chini ya mbao, yakipwa mtaona mizizi na kaa, na vyote viwili ni vyema. Msipige picha watu majumbani mwao bila idhini. Lipeni mlichoambiwa bila kuvutana sana, maana hiyo ni karo ya mtoto wa mtu. Na mrudi kabla ya magharibi. Sisi tulipakia baiskeli kwenye gari la mizigo, watoto wakiwa wamechoka uchovu mwema.

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wamesema kuwa safari imeitwa kwa jina hilo kwa sababu hufunua tabia za watu. Anzeni na mji ulio karibu nanyi, uwe Gazi, Vanga, Takaungu au Mji wa Kale. Mtafuteni mtu anayeujua, nanyi mumwulize swali la binti yule: nani aliyelima, nani aliyejenga, nani aliyepanda. Na majibu yakija msiyapokee kwa kicheko.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, waliojulikana majina na wasiojulikana, na awajaalie watoto wetu kuwa watunzaji wema wa tuliyowaachia. Amin.